Usionyeshe The Brutalist usiku wa Idd pale Ngamiani, nakuomba

Mkuu, simama hapo hapo. Viti usikodi, turubai usilipie, na kama tangazo bado liko kwa mchapaji, kalichukue.

Uzi wako nimeusoma hadi mwisho huku roho inanidunda. Unasema una projekta, una uwanja wa kuazima Ngamiani, hapa Tanga, unataka kuanza kuonyesha muvi usiku wa Idd pili kisha kila Jumamosi. Umeshachagua tatu za kuanzia, The Brutalist, Anora na Sinners, kwa sababu mhakiki mmoja mtandaoni kazipa zote nyota tano. Halafu ukauliza projekta yako itatosha mwanga, kiingilio kiwe shilingi ngapi, na kibali kinatoka wapi. Hayo yatafuata. Kinachonitoa jasho ni hizo nyota.

The Brutalist ina dakika 215. Mwongozaji mwenyewe kaiwekea mapumziko ya dakika 15 katikati, maana anajua alichowafanyia watu. Ni habari ya msanifu majengo, Myahudi wa Hungaria, anayehamia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na tajiri anayemtesa huku akimjengesha jumba la zege. Adrien Brody, anayemwigiza msanifu huyo, kachukua Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2025, na haki yake. Lakini wewe unazungumzia Idd pili, watoto wamekunywa soda tangu asubuhi, mama zao wametoka na madera mapya, baba katoa hela bila kunung'unika kwa mara ya kwanza mwaka mzima, halafu unawaletea zege.

Mimi nimeshapita huko. Idd el-Fitr ya 2024, si mbali na viwanja vya Tangamano. Muvi ilikuwa Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese, ya mwaka 2023, dakika 206. (Haki za kuonyesha ni uzi mwingine kabisa na humo pia nina kesi ya kujibu, tuliache.) Niliichagua kwa sababu mhakiki mmoja wa Dar, mwenye sauti nene na rafu ya vitabu nyuma yake, aliipa nyota tano na kusema asiyeipenda hajui sinema. Simtaji. Akijijua amejijua.

Tulianza saa mbili na nusu, watu wakishatoka kuswali Isha. Piga hesabu mwenyewe: dakika 206 kutoka hapo zinakufikisha saa sita kasoro dakika nne usiku, na mama mwenye watoto wadogo anatakiwa apate bajaji ya kurudi Mikanjuni. Hesabu hiyo sikuipiga. Nilikuwa nahesabu vichwa mlangoni, buku mbili mbili, najiona tajiri.

Nilikuwa nimemweka kijana wa kutafsiri kwa maiki, ile staili ya Lufufu, mtafsiri maarufu wa muvi, na kijana ni mzuri, muvi za ngumi anazitafsiri mpaka unasahau Kichina. Sasa kwenye muvi hii watu wananong'ona sebuleni, wananyamaza, wanatazamana. Kijana akaishiwa. Ikabidi atunge. Robert De Niro akamgeuza mwenyekiti wa kijiji huko Korogwe anayemwoza mpwa wake kwa mwanamke mwenye shamba la mkonge ili ukoo wa mke ufe mmoja mmoja na shamba libaki kwao. Ukiacha mkonge na Korogwe, kweli ndivyo hadithi ilivyo: Waosage, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, huko Oklahoma miaka ya 1920, mafuta yamegunduliwa kwenye ardhi yao, na wazungu wanawaoa na kuwaua ili warithi. Watu wakaanza kuelewa, hata wakaguna. Nikapumua.

Ndipo akasimama mzee mmoja wa Barabara ya 9, mtu aliyekulia kwenye viti vya sinema ya Majestic, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza karanga: "Huyu mjomba ndiye muuaji, tumeshamwona. Sasa tunakaa kumngoja nani?"

Mkuu, sikuwa na jibu. Kwa sababu ni kweli. Scorsese hafichi muuaji. Mapema kabisa unajua nani anaua na kwa nini, na saa zinazobaki unatazama dhambi inavyomkaa mtu mjinga. Wahakiki waliisifu kwa hilo. Mzee akaondoka na wajukuu zake, na wajukuu wakaondoka na nusu ya uwanja. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila wale waliondoka kabla soda hazijapoa. Vijana wa bodaboda wakaja kudai hela yao, nikawarudishia, maana ubishi na watu kumi wenye helmeti mkononi si ubishi. Muvi ilipofika mwisho tulikuwa mimi, mlinzi wa viti, na mtafsiri amelala maiki ikiwa wazi, anakoroma kwenye spika mbili kubwa za kukodi.

Viti, spika, jenereta, turubai, vyote nililipa mfukoni. Hela ile ilikuwa ya bati. Mke wangu mpaka leo mvua ikinyesha anatazama dari, halafu ananitazama mimi. Chekeni tu, nami nacheka, nikiwa upande usiovuja.

Sasa sikia kilichoniuma kuliko hela. Nilimwandikia yule mhakiki, kwa adabu kabisa, nikamweleza yaliyotokea. Akanijibu kwamba hadhira ya vibanda umiza, yaani sinema za mtaani kama yangu, haijakomaa. Haijakomaa! Watu waliopanga foleni Majestic kutazama muvi za Kihindi za saa tatu kabla baba yake hajaoa! Nikaanza kumfuatilia, video moja baada ya nyingine, na nikagundua jamaa hahakiki kitu. Anafungua Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, anasoma asilimia, anaziongezea besi.

Na hizo asilimia wengi mnazielewa vibaya, kwa hiyo nivumilie kidogo. Rotten Tomatoes ikisema muvi ina asilimia 95, hiyo si alama ya 95 kwa 100. Maana yake ni kwamba katika kila wahakiki 100, 95 wameandika kuikubali. Wote wanaweza kuwa wamesema tu inatazamika, si mbaya, na bado ikapata 100. Muvi ambayo nusu ya wahakiki wanaiabudu na nusu wanaichukia itaambulia 50 na kuitwa imeoza, maana mpaka wa kuoza ni 60. Tovuti nyingine, Metacritic, wao angalau wanatafuta wastani wa alama zenyewe, japo kuna wahakiki wanaowapa uzito kuliko wengine. Yule bwana alikuwa anazigeuza asilimia za kukubali kuwa nyota, eti 95 ni nyota tano. Nilivyoingizwa mkenge ndivyo hivyo, na nikaulipia kiti kwa kiti.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: nyota ziruke, soma anacholalamikia. Sifa za mhakiki zinakueleza yeye anapenda nini akiwa peke yake kwenye kiyoyozi. Malalamiko yake ndiyo yanakueleza kilichomo ndani ya muvi.

Chukua RRR, ile ya India ya mwaka 2022. Inazidi saa tatu, kwa hiyo usiseme shida ni urefu. Yule yule mwenye sauti nene aliipa nyota tatu akilalamika kwamba ina chumvi nyingi, inapiga kelele, nyimbo zinakatiza hadithi, machozi ya kulazimisha, na mtu anaokota pikipiki na kuitupa kama ndala. Mimi nikasoma orodha hiyo nikaona nimepewa ramani ya hazina. Kelele, nyimbo, machozi, pikipiki inaruka: hiyo ni Ngamiani yote imekaa chini. Niliionyesha na watu wakasimama kwenye viti wimbo wa Naatu Naatu ulipoanza, huo uliochukua Oscar 2023. Kijana wangu wa maiki hakutunga hata neno.

Au The Super Mario Bros. Movie ya 2023. Wahakiki waliikubali chini ya 60 kwa 100, malalamiko yao hadithi nyepesi, inakimbia mno, rangi na kelele tupu. Imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Jumamosi mchana, watoto wa Makorora, hukuhitaji hata mtafsiri. Na ile yangu ya Scorsese ilitajwa mara 10 kwenye Oscar ikatoka mikono mitupu, maskini, kama mimi. Muvi yenyewe sina ugomvi nayo. Niliirudia baadaye peke yangu usiku, Lily Gladstone, anayeigiza yule mke, ananyamaza tu na unamwelewa. Ila huo ni usiku wa mtu mmoja, si wa viti vya kukodi.

Kwa hiyo rudi kwa mhakiki wako, soma upya alichoandika, ukitafuta maneno haya: inajizuia, inachukua muda wake, inamwachia mtazamaji, mwisho ulio wazi. Kila ukikuta moja, ondoa viti ishirini. Na kama hakulalamikia chochote kwenye muvi zote tatu, basi huyo si mhakiki, ni mpiga debe, mwache stendi.

Sinners ina nafasi. Mississippi 1932, wanyonya damu, muziki mwanzo mwisho, Michael B. Jordan anaigiza mapacha, na steringi wawili kwa bei ya mmoja ni biashara. Ina vipande vya chumbani, kwa hiyo itazame yote mwenyewe kwanza na uifanye ya wakubwa, saa nne usiku. Kibali, anzia kwa Afisa Utamaduni pale Halmashauri ya Jiji, atakueleza habari za Bodi ya Filamu.

Anora sasa. Najua imebeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes 2024, na Oscar tano ikiwemo ya filamu bora. Je, umeifungua hata dakika tano za kwanza? Inaanzia ndani ya klabu ya wacheza uchi, New York, na binti mwenyewe ndiyo kazi yake. Umeandika kwenye uzi kwamba akina mama wa madrasa wamekuahidi kuja na watoto safu mbili za mbele. Wapigie leo, na kama jina la muvi umeshawatajia, waambie ulikosea herufi.