Kelele nyingi ni hewa tu

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu anaweza kujijengea kompyuta ya kupozwa kwa maji hapa Goma, na kwa nini ile ya jirani yako inanguruma. Unaweza kabisa. Hiyo ya jirani ina hewa ndani, karibu nina hakika. Hewa hupanda, kwa hiyo pampu isiwe kamwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa maji. Ikiwa pale inameza mapovu, inakwaruza na kuchakaa mapema. Funga rejeta, kile kipande chenye mapezi kinachopoza maji, juu ya kasha, au mbele, mradi ncha yake ya juu iipite pampu. Siku ya kuwasha, inamisha kasha polepole huku na huku mpaka mlio wa kububujika ukome.

Ukinunua seti iliyojazwa maji kiwandani, kazi kubwa imeisha. Ukiunganisha mipira ya maji mwenyewe, zungusha maji saa kadhaa, umeme uende kwenye pampu peke yake, na karatasi ya choo izungushiwe kila kiungo: tone moja tu utaliona. Maji ya bomba usitie, tafuta yale maalumu yenye kinga ya kutu. Vipande vya shaba na vya alumini usichanganye kwenye mzunguko mmoja.

Halafu kuna vumbi letu jeusi la mawe ya volkano. Linaziba mapezi ya rejeta, joto linapanda, feni zinakimbia, na ukimya wote unapotea. Weka chujio la wavu na feni za milimita 140 zinazozunguka taratibu, na upulize vumbi kila mwezi.