Bado wiketi moja

Wewe unayesema mechi hii ya kriketi imekwisha eti kwa kuwa imebaki wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu akitolewa timu imemalizika, tulia kwanza. Uwanjani Headingley 2019 Uingereza walikuwa hivi hivi: wiketi ya mwisho, bado mikimbio (yaani pointi) 73 ili washinde, na anayeingia ni Jack Leach, ambaye kazi yake ni kurusha mpira, si kupiga. Alikabili mipira 17, akapata mkimbio mmoja tu, lakini hakutolewa! Upande wa pili Ben Stokes akawachapa Australia hadi akafikisha mikimbio 135, na Uingereza wakashinda. Na Lyon wa Australia, maskini, aliudondosha mpira wa kumtoa Leach ikiwa imebaki mikimbio miwili.

Mimi sasa naangalia kitu kimoja: huyu mpigaji wa mwisho anakabili mipira mingapi kila ova, yaani kila zamu ya mipira sita ya mrushaji. Mwenzake akimficha vizuri kwa kuikabili mipira mingi yeye mwenyewe, warushaji ndio watakaoanza kutetemeka.