Maswali ya Wasomaji: Rangi Nyumbani, Darasani na Sokoni

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu nafasi ya rangi katika maisha yao ya kila siku. Barua nyingi zilizotufikia zilibeba lalamiko moja, kwamba rangi na ubunifu ni mambo ya watu wenye fedha na wakati wa ziada. Sikubaliani na wazo hilo hata kidogo. Nimechagua barua tano, nikazifupisha, na ninazijibu hapa kwa kadiri ya nafasi niliyopewa.

Naishi na mume wangu na watoto wawili katika chumba kimoja cha kupanga, muzigo kama tunavyouita hapa Kampala. Mwenye nyumba amepaka kuta zote rangi ya krimu na hataki tupige hata msumari. Nilikulia katika nyumba iliyojaa vitambaa na mikeka, na hapa sijisikii nyumbani. Mume wangu anasema mapambo ni kupoteza pesa. Nifanyeje?
*Mama wa watoto wawili, Bwaise*

Mama, nianze na mume wako, kwa sababu hoja yake ina uzito na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Familia inayoishi katika chumba kimoja hainunui mapambo. Inanunua pazia la kutenga kitanda na mahali pa kukaa, shuka, mkeka wa kukalia wageni, na vikombe vinapovunjika. Vitu hivyo mtavinunua hata kama hamtaki, na kitambaa cha rangi uliyoichagua kwa makini hakina bei tofauti na kile ulichokichukua kwa haraka kwa kuwa kilikuwa juu ya rundo. Mweleze hivyo, kwa upole, siku ambayo kodi imeshalipwa.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe. Katika muzigo, kitu kikubwa kuliko vyote machoni ni lile pazia la katikati, na mwenye nyumba hana mamlaka juu yake. Kitenge cha yadi sita kina urefu wa takriban mita tano na nusu. Ukikata vipande viwili vya mita mbili na ushee, ukaviunganisha kwa upana na kuvitundika kwenye waya wa pazia ambao kwa kawaida upo tayari, umepata ukuta mzima wa rangi, na kipande cha karibu mita moja kinachobaki kinatosha foronya mbili za mito ya viti.

Usikimbilie kununua, hata hivyo. Vyumba vya namna hii mara nyingi huwa na mlango na dirisha upande mmoja tu, kwa hiyo nusu ya nyuma hukosa mwanga mchana kutwa, na kitenge chenye mandharinyuma ya buluu iliyokolea au nyeusi, hata kiwe kizuri namna gani dukani, kitakizidishia chumba giza. Nenda kwa fundi cherehani wa jirani, mwombe vipande vinavyobaki anapokata nguo, kisha vitundike vichache pale pale pazia litakapokaa. Vitazame asubuhi mlango ukiwa wazi, vitazame saa kumi jioni, na uvitazame tena usiku chini ya balbu. Utashangaa jinsi zambarau inavyofifia ikawa kama majivu, wakati njano na chungwa zinaendelea kung'aa. Ile itakayokupendeza nyakati zote tatu ndiyo ya kununua, na watoto nao washirikishwe, kwa kuwa wataiona kila wanapoamka.

Ukishalipata pazia, chagua rangi moja tu iliyomo ndani yake na uirudie katika vitu vidogo viwili au vitatu: foronya, kikombe, mstari katika mkeka. Wasusi wa mikeka ya ukindu wanajua kutia rangi ukindu wenyewe, na wengi hukubali kukusukia mstari wa rangi unayoitaka ukiagiza mapema. Mengine yaache. Chumba kidogo hakihitaji rangi zote za dunia.

Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya kijijini. Hatuna penseli za rangi wala brashi, na wazazi wengi hawawezi kuchangia. Watoto wanapenda kuchora, lakini nalazimika kuwaambia wachore kwa peni ya buluu. Kuna njia?
*Mwalimu, Kumi*

Mwalimu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu unaishi katika wilaya ambayo ina jibu lake tayari. Kwenye miamba ya Nyero, hapo hapo Kumi, ipo michoro ya duara ndani ya duara iliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe na watu walioishi huko karne nyingi kabla ya duka la kwanza la vifaa vya shule. Nyekundu yao ilitoka ardhini, katika udongo wenye madini ya chuma, na udongo mwekundu unapatikana sehemu nyingi za nchi yetu. Kama kuna uwezekano, wapeleke watoto wakaione michoro hiyo kwanza, kisha mrudi shuleni mkatengeneze rangi zenu.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mtoto alete udongo wa kopo moja kutoka kwao, na uwahimize wautafute mahali tofauti: kwenye kichuguu, kando ya kinamasi, pale barabara ilipochimbwa. Mkiupanga kwenye mstari mtaona kwamba kile walichozoea kukiita udongo tu ni nyekundu, kahawia, njano hafifu, kijivu na pengine weupe. Utwangeni, uloweke katika beseni, uukoroge kwa nguvu, kisha mwache dakika moja ili mchanga utulie chini. Maji machafu yaliyo juu yamiminwe katika beseni la pili kupitia kitambaa chepesi, nayo yaachwe hadi kesho yake. Maji yatakuwa yamejitenga, na chini kutakuwa na tope laini sana lisilokwaruza kidoleni. Hilo ndilo rangi. Mwaga maji, anika tope, lisage.

Ili rangi ishike kwenye karatasi, ichanganye na uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopikwa ukapoa. Tengeneza kiasi cha siku ile tu, maana uji huchacha haraka na kutoa harufu ambayo itakugombanisha na mwalimu mkuu. Nyeusi itoke kwenye mkaa uliosagwa, na nyeupe kwenye vumbi la chaki. Buluu na kijani ni vigumu kuvipata kwa njia hii, na nisingependa uwadanganye watoto kwa majani yaliyopondwa, kwa sababu kijani chake hugeuka kahawia baada ya muda mfupi. Lakini hilo nalo ni somo zuri, na wanaweza kuliona wenyewe wakipaka karatasi mbili na kuitundika moja juani. Brashi ni kijiti cha muwa au cha mgomba kilichotafunwa ncha.

Usidhani kwamba unaanza na kidogo mno. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani kwake hapa Kampala, na darasa lile likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo mpaka leo ina jina lake. Sam Ntiro na Elimo Njau, wachoraji wa Tanzania wanaojulikana na wengi wanaosoma Kiswahili, walisoma hapo. Mimi naamini kwa dhati kwamba mtoto aliyetengeneza rangi yake mwenyewe huitazama ardhi anayoikanyaga kwa namna nyingine, na hilo hakuna penseli ya dukani inayoweza kumpa.

Baba ananiambia kuwa mwanamume mtu mzima havai shati la rangi kali. Mimi napenda sana rangi ya chungwa. Je, nimtii?
*Kijana, Masaka*

Kijana wangu, baba anakufundisha heshima, na usimjibu kwa ukali. Hata hivyo, rangi haijawahi kuwa jambo la wanawake peke yao katika nchi hii. Nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa dunia usioshikika, imetengenezwa kwa vizazi vingi na mafundi wa ukoo wa Ngonge wakiongozwa na Kaboggoza, fundi wao mkuu anayerithi cheo hicho. Ile ya kawaida ina rangi ya udongo uliochomwa, na ile ya wafalme na machifu ilitiwa weupe au weusi, kwa hiyo wazee wetu walijua vizuri sana kusema jambo kwa rangi. Hata kanzu ambayo baba huivaa siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, ina tarizi yake nyekundu iliyoiva kifuani. Vaa chungwa lako siku za kawaida. Ukiitwa kwenye kikao cha wazee, vaa lile shati analolipenda yeye.

Nyumba yangu ina plasta ya saruji nje. Niliipaka rangi ya mafuta, na sasa inabanduka upande wa chini. Nataka rangi yenye joto, ya kuvutia, lakini fedha ni kidogo. Pia, je, naweza kutumia rangi ya njano iliyobaki kupaka kitanda cha mtoto?
*Baba mwenye nyumba, Kasese*

Nianze na kitanda: hapana, isipokuwa kama kopo limeandikwa wazi kwamba rangi hiyo haina risasi, yale madini mazito yenye sumu. Rangi za mafuta za njano na nyekundu zinazong'aa ndizo ambazo mara nyingi zilitengenezwa kwa madini hayo, na mtoto hutafuna kila kitu kilicho karibu na mdomo wake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Kuhusu ukuta, inawezekana kabisa kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini, ukazuiwa na rangi ya mafuta isiyopitisha mvuke, kisha ukaisukuma nje. Kwanza elekeza maji ya mvua mbali na msingi. Kisha kwangua rangi ya zamani yote, kwa sababu chokaa haishiki juu ya mafuta, na chokaa ndiyo ninayokushauri uitumie. Wewe uko karibu na Muhokya, ambako huchomwa. Nunua iliyokwisha kuzimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, iloweke usiku kucha, ichuje, na iwe nyepesi kiasi cha maziwa. Kwa rangi, tumia oksaidi ile ile nyekundu au ya njano inayotiwa kwenye sakafu za saruji, kwa kuwa haiharibiwi na ukali wa chokaa kama zinavyoharibiwa rangi nyingine nyingi. Oksaidi isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo itakuwa inachafua nguo za kila atakayeegemea ukuta.

Lowesha ukuta kwa maji kabla ya kupaka. Paka asubuhi au jioni, si jua la utosini, na upake tabaka jembamba mara tatu au nne, ukingoja siku moja kati ya tabaka na tabaka. Usifadhaike ukiona tabaka la kwanza halifuniki kitu, kwa sababu chokaa hukolea inapokauka, wakati oksaidi hupungua ukali. Ndiyo maana ni lazima ujaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya nyumba na kukisubiri kikauke kabisa kabla ya kuamua. Vaa glavu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende kituo cha afya bila kuchelewa.

Ninauza mboga kando ya barabara: nyanya, karoti, biringanya, dodo (mchicha) na pilipili hoho. Jirani yangu anauza vitu vile vile kwa bei ile ile, lakini wateja huenda kwake. Mtu mmoja aliniambia meza yangu haina mvuto. Je, rangi inaweza kunisaidia?
*Dada muuza mboga, Mbale*

Dada, inaweza, na wewe una rangi nyingi kuliko msanii yeyote mjini. Tazama kwanza kilicho juu ya kichwa chako. Wauzaji wengi hukaa chini ya miavuli mikubwa ya matangazo, na kama wako ni mwekundu, mwanga wote unaofika mezani ni mwekundu. Nyanya zitaonekana zimeiva zote, hata zile ambazo bado, na mteja atakapozitoa juani atadhani umemdanganya. Dodo nalo litaonekana jeusi na kuukuu ingawa umelichuma alfajiri. Turubai la buluu lina ubaya wake pia, kwa sababu hufanya karoti zionekane zimelala. Fumua magunia meupe mawili au matatu ya sukari, yashone pamoja, na uyafanye kivuli cha mchana. Mwavuli uache kwa ajili ya mvua.

Baada ya hapo, panga upya. Nyekundu ikikaa karibu na kijani, kila moja huikoleza nyenzake, kwa hiyo mafungu ya nyanya yawe kando ya hoho za kijani na dodo, na yasiwe kando ya karoti, ambazo rangi yake iko karibu mno na yao hata jicho likashindwa kuzitenganisha. Biringanya ziweke juu ya jani bichi la mgomba, si juu ya gunia la kahawia ambalo huzimeza. Dodo linyunyizie maji safi kila linapoanza kunyauka, maana jani lenye maji huonyesha kijani chake chote.

Kesho, kabla wateja hawajaanza kufika, vuka barabara usimame pale wanaposhukia teksi, uitazame meza yako kama mtu ambaye bado hajaamua anunue kwa nani. Ukiona kitu cha kwanza kinachokuvuta kutoka hapo si kile unachotaka kukiuza mapema kabla hakijaharibika, rudi ukihamishe mbele, kisha uvuke tena ukatazame.