Seva Ikiishiwa Kumbukumbu, Usimsingizie Aliyekufa

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Lindi mjini kuhusu MySQL, programu inayomtunzia data kwenye seva yake. "Shikamoo kaka. MySQL yangu inakufa usiku, asubuhi naikuta imeshawaka yenyewe. Logi yake haina kitu. Nahisi kuna mtu anaingia kwenye seva. Nibadilishe nywila?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mbele ya mkutano, hapa hapa Mtwara, na yaliniondolea kazi.

Ulikuwa msimu wa korosho, mwezi wa kumi, magunia yanamiminika ghalani kutoka vijijini. Nilikuwa nimewatengenezea wateja fulani, sitawataja, mfumo wa kupokelea mzigo: karani anapima, anaingiza uzito na daraja, risiti inatoka. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, ndani yake Ubuntu (aina ya Linux), MySQL, Apache (inayopokea maombi ya watumiaji), na programu ya Java ya kuwatolea wakubwa ripoti. Miezi mitano ya kuujenga nairuka.

Siku ya tatu ya msimu foleni ikawa ndefu kuliko zote, na saa tano asubuhi mfumo ukakata. Nikazima mashine, nikawasha, ukarudi. Baada ya saa moja ukakata tena. Mara nne siku ile. Wazee wamekaa juu ya magunia yao juani, karani ananiangalia, mimi nahangaika na kibodi. Nikafungua logi ya MySQL, faili inapoandika matukio yake: imejaa mistari ya kuwaka, hakuna hata mmoja wa kuzimika. Ndipo nikatamka kwenye kikao kwamba kuna mtu anaingia kwenye seva. Mkubwa wao akanijibu, "Mwenye nywila si wewe peke yako?" Mwingine akasema wazi kwamba nazima mfumo makusudi ili uzito uchezewe, kwamba mimi na watu wa kangomba, walanguzi wa korosho, ni kitu kimoja. Mimi, ambaye baba yangu ameuza korosho maisha yake yote na anajua uchungu wa kupunjwa kwenye mizani! Wiki ile ile wakarudi kwenye daftari, na mkataba wangu ukaishia hapo.

Niliondoka na nakala ya logi za mashine nzima kwenye flashi. Usiku, nyumbani Chikongola, nikaacha logi ya MySQL nikafungua ya keneli, kiini cha Linux kinachogawa RAM kwa programu zote. Mstari ulikuwepo tangu mara ya kwanza mfumo ulipokata: kumbukumbu imekwisha, prosesi (programu inayoendeshwa) namba 1187 imeuawa, jina lake mysqld, yaani MySQL yenyewe, ilikuwa inashika RAM ya zaidi ya GB 2. Hakuna mtu aliyeingia. Aliyeua ni keneli yenyewe.

Jambo hili nalieleza polepole, maana ndilo kila kitu. Programu ikiomba kumbukumbu, keneli ya Linux kwa kawaida hukubali hata kama haina kiasi hicho mkononi. RAM halisi huitoa kidogo kidogo, kurasa za KB 4, pale programu inapoanza kuziandikia. Ni kama mtunza ghala anayeandikisha magunia elfu kumi kwenye ghala la elfu saba, akijua wenye mzigo hawaji siku moja. Siku wakija wote, keneli kwanza hutupa nakala za mafaili ilizokuwa imezihifadhi kwenye RAM, kisha husukuma kurasa nyingine kwenye swopu, sehemu ya diski inayosaidia RAM, kama ipo. Vyote vikishindikana, humtafuta wa kuua. Isipofanya hivyo mashine nzima inaganda.

Anachaguliwaje? Kwa alama. Tangu keneli 2.6.36 ya mwaka 2010, hesabu ni rahisi: unashika RAM na swopu kiasi gani ukilinganisha na yote iliyopo. Mwenye kushika nyingi ndiye anayekwenda. Keneli haiulizi nani kaleta shida. Siku ile shida ililetwa na Apache, ambayo kila foleni ilivyorefuka ilizaa prosesi mpya, nami sikuwa nimeiwekea ukomo wa maana. Ripoti ya Java ikaongezea juu yake. Lakini MySQL ndiyo iliyokuwa na mwili mkubwa, kwa sababu niliipa bafa (sehemu ya RAM ya kushikia data) ya GB 2 baada ya kusoma mahali kwamba inaongeza kasi. Ikafa kwa makosa ya wengine. Nilipolielewa hilo nilishindwa kulala.

Na logi yake kutotaja kifo kuna sababu. Keneli huua kwa ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuidaka wala kuikataa. Haipati nafasi ya kuandika hata neno moja. Halafu systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inaiwasha upya, nawe asubuhi unakuta kila kitu kizima kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujagusa kitu soma logi ya keneli. Andika `journalctl -k`, tafuta maneno "Out of memory". Usizime mashine kwanza kama nilivyofanya mimi, kwa sababu `dmesg`, ujumbe wa keneli ulioko kwenye RAM, hupotea mashine ikizimwa. Ikiwa imeshazimwa, jaribu `journalctl -k -b -1`, inayoonyesha logi ya kabla ya kuwaka mara hii. Nasema tena: soma logi. Sisi mafundi wa kusini tunapenda mno kuwasha upya, mteja akituangalia tunataka taa iwake haraka, na kwa mkono huo huo tunafuta ushahidi ambao ungetuokoa.

Kisha amua wewe nani afe, usiiachie keneli. Kila prosesi ina `oom_score_adj`, namba ya kurekebisha alama yake, kuanzia -1000 (haiuawi) hadi 1000 (inauawa kwanza). Siku hizi MySQL naipa -600 kwa `OOMScoreAdjust` kwenye faili lake la systemd, na programu ya ripoti naiwekea `MemoryMax`, ukomo wa RAM, ili ikizidisha iumie yenyewe ndani ya boma lake. Usimpe kila mtu -1000. Keneli ikikosa wa kuua, inaangusha mashine yote. Apache iwekee ukomo unaolingana na RAM yako: piga hesabu ya RAM ya prosesi moja, zidisha kwa idadi yake. Weka na swopu, hata GB 2. Haitakuponya, ila itakupa dakika za kuona hatari inakuja.

Haya yote yangenichukua nusu saa. Nusu saa, na jina langu lingebaki safi pale ghalani. Kijana, ukipewa mfumo unaoshika jasho la mkulima, huna haki ya kukisia. Kisia kwenye blogu yako, kisia kwenye mradi wa chuo. Mzee ametoka Nanyamba na magunia yake sita, yeye anataka risiti.

Nilimwandikia hivyo kijana wa Lindi, kwa maneno machache zaidi. Jana usiku akanitumia picha ya skrini. Aliyeuawa ni mysqld, saa 8 na dakika 3 usiku. Nikamuuliza, saa 8 kamili kuna nini? Akasema ni skripti yake ya bakapu, ameiandika kwa PHP, inasoma jedwali zima kwa mkupuo ndipo iandike faili. Seva yake ina GB 2.

Nimemwambia MySQL asiiguse. Aanze na skripti, isome mistari ya jedwali elfu moja moja.