Je, picha zinaweza kubashiri kama kemo itaiondoa saratani ya titi kabla ya upasuaji?

SWALI: Dada yangu ana saratani ya titi, uvimbe wenye kipenyo cha sentimita 5. Madaktari wameamua aanze na kemo, upasuaji ufuate baadaye. Alipigwa MRI (picha ya mashine ya sumaku) kabla ya kuanza dawa na nyingine baada ya mizunguko miwili, na ripoti ya pili inasema uvimbe una sentimita 4.4. Je, kupungua kidogo namna hii kunaonyesha kwamba dawa haimfai? Na je, ipo picha inayoweza kubashiri mapema kama saratani itaisha?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa kuuguza. Nianze na namba hizo mbili, maana zinatisha kuliko zinavyostahili. Uvimbe ukichukuliwa kuwa wa duara kama mpira, kushuka kutoka sentimita 5 hadi 4.4 ni upungufu wa asilimia 12 ya kipenyo, lakini ujazo wake umepungua kwa takriban asilimia 32, yaani karibu theluthi moja. Vigezo vya RECIST, ambavyo hutumika sana katika utafiti wa saratani, vinataka kipenyo kipungue kwa angalau asilimia 30 ndipo ihesabiwe kwamba saratani imeitikia dawa, na kwa kipimo hicho dada yako ataandikwa kuwa ugonjwa wake haujabadilika. Maneno hayo ni ya kanuni ya upimaji tu. Hayamaanishi kwamba dawa imeshindwa.

Ukubwa ni kitu cha mwisho kubadilika. Seli za saratani zinaweza kufa kwa wingi huku gamba la uvimbe likibaki pale pale, kwa kuwa mwili unahitaji muda wa kuondoa mabaki na kuacha kovu. Ndiyo maana sisi wasomaji wa picha hatutazami rula peke yake. Katika MRI ya titi mgonjwa huchomwa dawa yenye gadoliniamu kwenye mshipa, na kwa kuwa uvimbe hai hujijengea mishipa mingi ya damu inayovuja, sehemu hiyo hung'aa haraka na mara nyingi hufifia haraka vilevile. Tunachoweza kufanya ni kuhesabu ujazo wa sehemu inayong'aa kupita kiwango kilichowekwa, na kuacha nje sehemu iliyozimika. Katika utafiti wa I-SPY wa Marekani, ambao matokeo yake ya MRI yalichapishwa mwaka 2012, vipimo vya MRI vilibashiri mwitikio wa dawa vizuri kuliko daktari kuupapasa uvimbe kwa mkono, na mabadiliko ya ujazo huo yalionyesha faida yake zaidi mapema katika matibabu. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa radiolojia ni hili: mng'ao wa uvimbe katika picha ya pili ukoje ukilinganishwa na wa kwanza?

Njia nyingine hupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya uvimbe. Seli zikiwa zimesongamana, maji hubanwa. Zikifa, maji hupata nafasi. Wazo hili ni zuri, na mimi mwenyewe nilikuwa nalitarajia makubwa, ila matokeo yametufundisha unyenyekevu: katika utafiti wa ACRIN 6698, uliochapishwa mwaka 2018, mabadiliko baada ya wiki 3 hayakubashiri kitu, na baada ya wiki 12 uwezo wake ulifikia 0.60, katika kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha sarafu na 1 ni kubashiri bila kukosea. Picha ya PET nayo hupima jinsi uvimbe unavyofyonza sukari. Katika utafiti wa PHERGain wa saratani zenye HER2 (protini inayochochea seli kukua) kwa wingi, waliohesabiwa kuwa wameitikia dawa ni wale ambao ufyonzaji huo ulishuka kwa angalau asilimia 40 baada ya mizunguko miwili. Miongoni mwa walioitikia na kuendelea na dawa zinazolenga HER2 bila kemo, takriban asilimia 38 tu ndio waliokutwa bila saratani vamizi, yaani iliyopenya tishu za jirani, wakati wa upasuaji.

Hapa ndipo aina ya saratani inapoingia, na bila kuijua siwezi kusoma picha kwa haki. Saratani yenye HER2, na ile isiyo na HER2 wala vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni), mara nyingi husinyaa kuelekea katikati, kwa hiyo kipenyo husema ukweli. Yenye vipokezi vya homoni mara nyingi humeguka kama bonge la udongo lililopondwa: vipande vidogo hubaki vimetawanyika katika eneo lile lile, na anayepima kutoka ukingo hadi ukingo atapata sentimita zile zile ingawa sehemu kubwa imekwisha. Aina hii pia ni nadra zaidi kuisha kabisa kwa kemo.

Picha hukosea kwa pande zote mbili. Dawa za jamii ya taksani hupunguza mishipa ya damu, hivyo mng'ao unaweza kuzimika huku seli chache zikiwa bado hai. Kwenye mamografia, chembe za chokaa huweza kubaki hata pale saratani ilipokwisha. Kwa sababu hiyo picha safi haiondoi upasuaji. Anayethibitisha kwamba saratani vamizi imetoweka kwenye titi na tezi za kwapani ni mtaalamu wa patholojia, kwa darubini.

Kwa hali uliyoeleza, nisingependekeza dawa ibadilishwe kwa sababu ya sentimita 4.4. Ningeshtuka kama uvimbe ungekua au tezi mpya zingejitokeza. Hakikisheni picha zinazofuata zinapigwa kwa mashine na utaratibu ule ule, na kwamba alama ndogo ya chuma imewekwa ndani ya uvimbe mapema, kwa sababu mambo yakienda vizuri sana, daktari wa upasuaji hatakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha pa kukata.