Mwambie fundi atenganishe, jumla haisemi kitu

Swali lenu la wiki hii ni utajuaje kama bei aliyokupa fundi ya kukarabati jiko ni ya haki au unapigwa. Mi naishi Nzuguni hapa Dodoma, jiko langu nimelikarabati mwaka jana, na nilichojifunza ni kwamba jumla peke yake haisemi kitu, mpaka fundi atenganishe vifaa na ufundi halafu hivyo vifaa avitaje kimoja kimoja na idadi yake.

Fundi wa kwanza kabla hata hajatoa futi akaniuliza, "mama unafanya wizara gani?" Jamani, wizara yangu inahusiana nini na sakafu? Tangu serikali ihamie huku ukisema tu unashinda Mtumba, kule kwenye ofisi za wizara, mtu anakuangalia kwa jicho lingine. Akaniandikia mstari mmoja, kukarabati jiko milioni 6 na laki 8. Nikaomba mchanganuo, akanuna, ila kesho yake akaleta.

Sasa angalieni, vigae vya sakafu boksi 16. Jiko langu ni mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 boksi linakuwa na vipande vinne, kila kipande ni 0.36, kwahiyo boksi moja linafunika 1.44. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika inakuwa 13.2, gawanya kwa 1.44 unapata 9 na kidogo, basi unanunua 10. Boksi moja zaidi la kuweka stoo sawa, maana baadae kupata rangi ileile ni kazi, lakini sita?? Hesabu hii unapiga kwenye simu dakika mbili, nawaomba sana muipige kabla hamjatoa hata shilingi.

Makabati nayo kaandika "seti 1" milioni 2 na laki 9. Mbao gani, mita ngapi, droo ngapi, hakuna. Kumbe ni MDF tupu, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, mpaka chini ya sinki, na MDF ikinywa maji inavimba na hairudi tena.

Na bei ndogo isiwadanganye. Fundi wa tatu alisema milioni 3 na nusu nikafurahi, dada yangu ndo akanishtua niulize nini hakimo. Kubomoa vigae vya zamani hakumo, kutoa kifusi, kuhamisha bomba la sinki, soketi ya friji, vyote havimo, yaani angeanza kuvitaja jiko likiwa limeshabomolewa na mimi napikia uani.

Akikuongezea VAT mwambie akuonyeshe usajili wake na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kama hana basi hana haki ya kukutoza hiyo kodi.

Kazi nikampa fundi wa pili, ikaisha kwa milioni 5 na laki 2. Vifaa nilinunua mwenyewe, ufundi nikamlipa kwa hatua, sio asilimia 70 mbele kama alivyotaka yule wa kwanza. Laki 3 za mwisho tulikubaliana azipate maji yakishatumika siku mbili bila kuvuja. Siku ya pili chini ya sinki pakavuja, nikampigia, jioni hiyohiyo alikuwa mlangoni na spana yake.