Muulize Mwalimu: Vyeupe vya Udongo wa Wundanyi

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nauza miche na maua ya vyungu kando ya barabara hapa Kisauni. Udongo wetu wa pwani ni mchanga mtupu, kwa hivyo kaka yangu aliyeoa Wundanyi hunitumia magunia ya udongo mweusi wa mlimani. Mzigo wa juzi nilipoufungua nikakuta vijidudu vyeupe, vyembamba kama uzi, urefu wa sentimita moja hivi, vimejazana kwenye majani yaliyooza. Mama mkwe ameviona, asema ni minyoo ya tumbo, nimwagie mafuta ya taa kabla watoto hawajachezea. Jirani asema ni mabuu ya nzi. Mteja wangu mmoja, mtu wa kilimo, asema ni watoto wa nyungunyungu tu. Nimsikilize nani?*
*Mama Miche, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Mafuta ya taa yarudishe jikoni. Ukiyamwaga watakufa hao weupe, itakufa na miche, na gunia lako halitafaa hata kufukia shimo.

Hao watatu wote wamekisia kwa rangi, nami rangi siiamini. Chini kusikofika jua viumbe wengi ni weupe, wawe minyoo, mabuu au watoto wa jongoo. Nilipokuwa nafundisha baiolojia, mwanafunzi akiniletea "mdudu mweupe" nilimrudisha akatazame tena: anakwendaje? Ana kichwa? Ana miguu? Mwili wake una pingili?

Nawe fanya hivyo jioni ukishafunga biashara. Tia maji kidogo kwenye bakuli la kioo, umtoe mmoja kwa brashi laini ya rangi. Usimshike kwa kibano, ngozi yake hupasuka upesi. Washa tochi ya simu chini ya bakuli, mwanga upite mwilini mwake. Ukipata, azima ile lenzi wanayojiwekea mafundi wa saa jichoni. Ukikosa, kamera ya simu yatosha kwa kuanzia.

Tazama mwendo kwanza. Akijirefusha akawa mwembamba, kisha akajikusanya akawa mfupi na mnene, huyo ana misuli ya namna mbili, inayozunguka mwili na inayokwenda kwa urefu. Ndivyo walivyo nyungunyungu na jamaa zake. Akibaki na urefu uleule, kazi yake kujipinda huku na huku tu, huyo ni nematodi, mnyoo wa mviringo asiye na pingili. Nematodi ana misuli ya urefu peke yake, kwa hivyo kujivuta na kujikusanya hawezi. Lakini nematodi wengi wa udongoni hawafiki hata milimita mbili, na wa sentimita nzima angenishangaza. Wapo wale wa jamii ya Mermithidae, wanaokulia ndani ya panzi na wadudu wengine kisha wakatoka kuingia ardhini. Hao ni warefu mno, hupita sentimita kumi, na umewaeleza wafupi.

Halafu kichwa. Mbele pakiwa na kichwa cheusi kinachong'aa na mwili mzima unapitisha mwanga, jirani yako ameshinda nusu. Huyo ni buu wa vile vijinzi vidogo vyeusi vinavyorukaruka juu ya vyungu vilivyomwagiwa maji kupita kiasi. Buu wa nzi wa nyumbani hana kichwa cha kuonekana. Mbele amechongoka na ana ndoano nyeusi kinywani, nyuma ni butu na ana madoa mawili ya kupumulia. Ukiona miguu, basi si mnyoo kabisa. Miguu sita karibu na kichwa, mwili mwembamba mgumu wa rangi ya manjano, ni buu wa jamii ya mbawakawa na huyo hula mizizi, mtoe. Mweupe mwenye jozi kumi na mbili za miguu na vipapasio virefu kichwani, asiyetulia, ni simfila. Naye hutafuna vimizizi vichanga.

Kwa maelezo yako, mweupe wa sentimita moja ndani ya majani yaliyooza ya udongo wa mlimani, mimi nawaelekea enkitreidi. Hapa mteja wako amekaribia. Ni jamaa wa nyungunyungu, ila si watoto wake, na namna ya kuwatenga ni nzuri kuitazama. Nyungunyungu aliyekomaa ana mshipi, ile pete nene mwilini, na mtoto wake hana. Enkitreidi pia huwa na mshipi akikomaa, kwenye pingili ya 12 na ya 13 kutoka mbele. Sasa ukimkuta wa sentimita moja tu, na tayari ana sehemu iliyovimba upande wa mbele, na ndani yake yai kubwa jeupe laonekana kupitia ngozi, huyo si mtoto wa mtu. Ni mzazi, na ukubwa wake ndio huo. Angalia na damu. Mtoto wa nyungunyungu, hata awe mdogo vipi, mara nyingi ana mshipa mwekundu mgongoni unaopigapiga ukimmulika. Enkitreidi wengi damu yao haina rangi, utaona utumbo wenye udongo na majani yaliyosagika na mwili uliobaki ni mweupe.

Jina la spishi usilitafute kwa picha ya simu. Duniani wanajulikana enkitreidi wapatao spishi 700, na wanaowajua huwatazama wakiwa hai, juu ya kioo cha hadubini, mwanga ukipita chini yake. Hutazama vinywele vigumu vinavyotoka kwenye ngozi kwa mafungu manne kila pingili, vimenyooka au vimepinda, viko vingapi kwa fungu. Wa jenasi ya Achaeta hawana hata kimoja. Hutazama tezi za kooni, na vifuko vya kuhifadhia mbegu za kiume, na hata chembe zinazoelea kwenye maji ya mwilini. Ukimtia spiriti hugeuka mzito wa rangi, na nusu ya alama hizo usizione tena. Kwa hivyo mtu akikuletea chupa ya minyoo midogo iliyokufa na kukupa jina kamili la spishi papo hapo, muulize amelionaje. Hadubini zenyewe si kwamba hazipo. Najua shule hapa mjini zilizo nazo, nzuri, zimefungiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliye likizo.

Ukitaka kuwapata wengi bila kuwachokoa mmoja mmoja, iko njia ya faneli. Daktari aitwaye Baermann aliieleza mwaka 1917, akitafuta viluwiluwi vya minyoo ya safura kwenye udongo. Twaa faneli ya plastiki, uivike mpira chini na kuubana kwa kibanio. Weka chujio juu, tandika kipande cha leso kuukuu, tia udongo kiasi cha viganja viwili, kisha jaza maji mpaka udongo ulowe. Kwa enkitreidi, ning'iniza na balbu ya umeme juu yake, isogeze karibu polepole kwa muda wa saa tatu. Wataukimbia ule moto kwenda chini, watapenya kitambaa na kutua shingoni mwa faneli. Fungua kibanio, uwakinge kwenye kikombe. Balbu iwe ile ya zamani inayotoa joto. Za siku hizi hazichemshi hata hewa.

Kwa miche yako hawana ubaya. Chakula chao ni majani yaliyooza, ukungu na bakteria. Mzizi ulio hai hawaugusi. Kwenye udongo mchachu wa nchi za baridi, ambako nyungunyungu wakubwa hawapendi kukaa, hupatikana kwa makumi ya elfu katika mita moja ya mraba, na kazi ya kuvunjavunja majani huwa yao. Kuna wa jamii hiyohiyo, Mesenchytraeus solifugus, anayeishi ndani ya barafu za milima ya Alaska. Sasa wewe umewaleta Kisauni! Ngozi zao ndizo mapafu yao, na ngozi ikikauka wamekwisha. Gunia likikaa juani limefungwa, watakufa humo, udongo utanuka, na hapo nzi wa jirani atakuja kweli. Liweke kivulini, lifungue mdomo, nyunyiza maji kidogo.

Na mama mkwe, mpe heshima yake, kwa sababu hofu ina msingi ijapokuwa kidole kimeelekezwa pasipo. Mnyoo mkubwa wa tumbo ni wa sentimita 15 hadi 35 na maisha yake ni matumboni, hatambai kwenye majani. Kinachokaa udongoni ni mayai yake, yasiyoonekana kwa jicho, nayo huhitaji wiki mbili tatu hivi hapo nje kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Safura nayo viluwiluwi vyake ni vya nusu milimita, huingia kwa nyayo zilizo tupu. Udongo uliochanganyika na kinyesi cha binadamu una hatari, uwe na vyeupe au usiwe navyo. Watoto wavae ndara, wanawe mikono kwa sabuni.

Jambo moja kwa huyo kaka yako. Udongo wa shamba la wakwe zake ni mali yao. Lakini kama jembe limepita mpaka Ngangao au msitu mwingine wa hifadhi, mwambie aache. Msitu wa Ngangao wote haufiki hekta 200, na tabaka lile jeusi la juu ndilo linaloubeba.

*Mwalimu, salamu. Sisi ni wanafunzi wa Changamwe. Tulikwenda ziara milima ya Taita, mwenyeji wetu akalima shamba la mahindi akatoa nyungunyungu wa ajabu: rangi ya bluu iliyokolea kuelekea nyeusi, ana pete mwili mzima, karibu urefu wa rula. Alipoguswa akafungua mdomo. Wengine walisema ni nyoka akakatwa. Tunaye kwenye chupa ya spiriti. Je, ni spishi mpya ya nyungunyungu?*

Nyungunyungu hana taya, wanangu. Mpapaseni huyo wa kwenye chupa kwa kidole toka kichwa hadi mkia. Mtahisi uti wa mgongo. Mfungueni mdomo kwa kijiti cha meno, mtaona meno yake mwenyewe. Macho hayaonekani, lakini ubavuni mwa uso tafuteni kipapasio kidogo kimoja kila upande. Huyo ni amfibia asiye na miguu, ukoo mmoja na chura, na kwa rangi na mahali mlipompata yaelekea ni Boulengerula taitana, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1935. Sagalla, kile kilima karibu na Voi, kuna ndugu yake Boulengerula niedeni, wa rangi ya kahawia, aliyepewa jina mwaka 2005 tu, na hapatikani penginepo duniani.

Kwa hiyo spishi si mpya, lakini habari yake yapita upya. Mama hutaga mayai chini ya ardhi na kuyalinda. Watoto wakianguliwa, ngozi ya juu ya mama hunenepa na kujaa mafuta, nao humparura na kuila kwa meno maalumu, ngozi ikaota tena, wakarudi tena. Wataalamu walilitangaza hilo mwaka 2006 baada ya kuwachunguza hawahawa wa Taita. Chakula chake yeye mkubwa ni nyungunyungu na mchwa, kwa hivyo mkulima aliyemkata amejipunguzia mtu wa kazi.

Spiriti ya duka la dawa itamhifadhi, ila kama mtu atataka vinasaba vyake inahitajika kali zaidi, asilimia 95 na kuendelea. Andikeni kwa penseli, karatasi muitie ndani ya chupa: kijiji, tarehe, kimo cha mahali, kina cha udongo, nani aliyempata. Wino huyeyuka. Chupa isiyo na karatasi hiyo makumbusho hawana la kuifanyia. Mkirudi tena, piga picha kisha mfukieni palepale. Kumchukua kiumbe pori kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na ziara ya shule si kibali.

*Mwalimu, mimi nafuga samaki wa kioo hapa Tudor. Nimesikia minyoo meupe ni chakula bora. Naweza kuwafuga?*

Anayefugwa kwa kazi hiyo huko Ulaya ni Enchytraeus albidus, na yeye ataka baridi, chini ya nyuzi 20. Hapa Tudor utamfuga ndani ya friji, na nyumbani kwako utajieleza mwenyewe. Yuko mdogo zaidi, Enchytraeus buchholzi, anayestahimili joto la chumbani. Mtilie kwenye kisanduku chenye mboji nyevu, mlishe uji mkavu wa oti kidogo kidogo, ondoa uliofanya ukungu. Wape samaki mara mbili tatu kwa wiki, si kila mlo, maana wana mafuta mengi. Wa Wundanyi usimwombe Mama Miche. Hatujui bado ni nani.